Kushuka na Kufanyika Mwili: Neno Avatara katika Mjadala wa Uhindu na Ukristo

Makala hii inanuia kuchunguza dhana mbili ambazo kwa muda mrefu zimewekwa bega kwa bega, na aghalabu zikachanganywa: dhana ya Kihindu ya avatara, na ile ya Kikristo ambayo wanatheolojia wanaoandika kwa Kiswahili huiita umwilisho. Wengi waliozilinganisha dhana hizi walikuwa wanatheolojia, na mbinu yao ilikuwa kupanga mafundisho katika safu mbili. Upande mmoja Mungu hushuka mara nyingi, upande wa pili mara moja tu. Upande mmoja mwili ni mwonekano, upande wa pili ni mwili halisi. Upande mmoja ni visasili, upande wa pili ni historia. Tunashikilia kwamba mbinu hii imepotosha mengi, kwa kuwa dhana zote mbili ziliishi ndani ya masimulizi kabla ya kuingizwa katika vitabu vya mafundisho. Mhakiki wa fasihi ana swali lake la kuuliza, nalo ni jepesi kulitamka: je, simulizi inaufanyia nini mwili wa Mungu, hususan mwishoni? Swali hili, kwa maoni yetu, huihamisha tofauti baina ya dhana hizi kutoka mahali ilipozoeleka kuwekwa.

Maneno yenyewe

Neno avatara limeundwa kutokana na kitenzi cha Kisanskriti chenye maana ya kuvuka, kikiambatishwa kiambishi kinachoashiria mwelekeo wa chini. Kwa hiyo ni kushuka, au kwa usahihi zaidi, kuvuka kuja huku chini. Ni neno la mwendo, wala mwili haumo ndani yake. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba nomino hii haipatikani katika Bhagavad Gita, ijapokuwa sura ya nne ya utungo huo ndiyo inayochukuliwa kuwa msingi wa fundisho zima. Humo Krishna anamweleza Arjuna kwamba, ijapokuwa yeye hana mwanzo, huzaliwa kwa uwezo wake mwenyewe kila dharma inapodhoofika, ili awalinde wema na kuwaangamiza waovu, enzi baada ya enzi. Anazungumzia kuzaliwa, na kuzaliwa kwingi. Kwingineko katika Mahabharata neno linalotumika kwa matukio kama haya ni pradurbhava, yaani kudhihirika. Neno avatara lilikuja kutawala baadaye, masimulizi yakiwa tayari yamekwisha kuenea.

Lilipotawala, halikutulia. Bhagavata Purana, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na karne ya 9 au ya 10, inaorodhesha avatara 22 katika kitabu chake cha kwanza, kisha papo hapo inatangaza kwamba hazina idadi, kisha inamtoa Krishna katika orodha na kumwita Bwana mwenyewe, siyo sehemu yake. Orodha inajivunja yenyewe. Orodha ya kumi iliyo mashuhuri zaidi, ambayo Jayadeva aliiimba kule Bengal katika karne ya 12 kwenye Gita Govinda, inachanganya samaki, kasa, nguruwe mwitu, nusu mtu nusu simba, mbilikimo, na hata Buddha. Basi anayesema kwamba Kristo ni sawa, au si sawa, na avatara hana budi kutueleza kwanza anamlinganisha na nani: na samaki, au na Krishna?

Kwa upande wa Kikristo, utangulizi wa Injili ya Yohana haukutumia neno la mwendo. Ulisema Neno alifanyika sarx. Wayunani walikuwa na maneno mawili: soma, yaani mwili kama umbo zima la mtu, na sarx, yaani nyama ile inayoumia na kuoza. Yohana alilichagua la pili, lenye aibu zaidi. Kiswahili cha Biblia hakikuitunza tofauti hiyo, maana yote mawili yamekuwa mwili, na istilahi umwilisho imerithi upole huo. Neno nyama lingekuwa karibu zaidi na ukali wa asili, lakini ni wazi kwa nini watafsiri walilikimbia: lingempeleka msikilizaji moja kwa moja buchani. Hata hivyo isidhaniwe kwamba Ukristo haujui kushuka. Utenzi ulio katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi ni mwendo wa kushuka mtupu, kutoka hadhi ya Mungu hadi utumwa na hadi kifo cha msalabani, ndipo unapoinuka. Picha ya kushuka, basi, ni mali ya pande zote mbili. Kinachohitaji kutazamwa ni yale yanayofuata baada ya kushuka.

Miili katika masimulizi

Lawama iliyozoeleka dhidi ya avatara ni kwamba mwili wake ni vazi la kujifichia tu. Lawama hii inastahili kupimwa kwa masimulizi yenyewe. Katika kisa cha Nala na Damayanti ndani ya Mahabharata, miungu minne inachukua umbo la Nala ili bintimfalme amchague mmoja wao awe mume. Damayanti anawatambua kwa dalili: hawatoki jasho, hawapepesi macho, koja zao hazinyauki, hawana kivuli, wala nyayo zao haziigusi ardhi. Nala peke yake ana vumbi na kivuli. Hapa tuna miungu waliovaa sura ya mtu, na msimulizi anajua fika kwamba hawajawa watu. Sasa tuitazame Ramayana ya Valmiki. Rama hana hata moja ya dalili hizo. Anazaliwa, anaoa, anahamishwa nchi, anaibiwa mke, analia msituni kama mtu aliyerukwa na akili. Ravana, mfalme wa mazimwi, alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na miungu wala viumbe wengine wenye nguvu, ila kwa dharau hakuomba kinga dhidi ya binadamu. Kwa hiyo mantiki yote ya ploti inahitaji Vishnu awe binadamu kwelikweli. Kama ni kujifanya tu, Ravana hafi. Baada ya ushindi, miungu wanapomwambia Rama yeye ni nani, anajibu kwamba anajiona kuwa mtu, mwana wa Dasharatha.

Kwa muda mrefu wataalamu waliichukulia sehemu hiyo, pamoja na vitabu vya kwanza na vya mwisho vya utendi huo, kuwa nyongeza za baadaye. Sheldon Pollock alilipinga wazo hilo mnamo 1984, akidai kwamba uungu wa Rama umesukwa ndani ya ploti kwa sababu ile ile ya ahadi ya Ravana. Tunakubaliana naye. Ni kweli kwamba wasimulizi waliofuata hawakuvumilia mungu asiyejijua. Tulsidas, aliyeanza kutunga Ramcharitmanas mnamo 1574, anatuonyesha Rama anayejua kila kitu, na Sita anayeibiwa ni kivuli tu, Sita wa kweli akiwa amefichwa ndani ya moto. Upendo wa mcha Mungu uliondoa maumivu kutoka katika hadithi. Lakini huo ni uteuzi wa watunzi wa baadaye, na si sharti la dhana ya avatara.

Mwelekeo huo huo wa kuondoa maumivu ulikuwepo kwa Wakristo. Matendo ya Yohana, maandishi ambayo Kanisa liliyakataa, yanamweleza Yesu ambaye mwili wake mara ni mgumu, mara haushikiki, na ambaye hakuacha unyayo mchangani. Mtu aliyesoma kisa cha Damayanti atashtuka kuona dalili ile ile ya unyayo, ingawa hatudai kwamba upande mmoja uliazima kutoka kwa mwingine. Vivyo hivyo Injili ya Utoto inayohusishwa na Tomaso ina Yesu mdogo anayefinyanga shomoro wa udongo na kuwaamuru waruke, mtoto mtundu na wa kuogopesha. Kanisa halikuiingiza katika Biblia. Kwa Wahindu mambo yalikwenda kinyume. Kitabu cha kumi cha Bhagavata Purana kimejaa utundu wa mtoto Krishna, na hapo Yashoda anamwamuru mwanawe aliyeshtakiwa kwa kula udongo afungue kinywa, akauona ulimwengu mzima ndani yake; mara akasahauzwa aliyoyaona, akampakata tena kama mama yeyote. Waliokusanya Injili nne waliogopa mchezo wa Mungu. Waliotunga Purana waliuona mchezo huo kuwa ndio ufunuo wenyewe.

Tufike mwisho wa hadithi, maana hapo ndipo penye uzito. Katika kitabu cha 16 cha Mahabharata, ukoo wa Krishna unauana wenyewe kwa wenyewe. Krishna analala chini msituni, na mwindaji aitwaye Jara, jina lenye maana ya uzee, anamdhania kuwa mnyama na kumchoma mshale mguuni. Krishna anamfariji mwindaji, anapaa akiijaza mbingu nuru. Lakini baadaye kidogo Arjuna anautafuta mwili wake na wa kaka yake, na kuichoma moto kwa taratibu za mazishi. Msimulizi haoni mgongano wowote: Bwana amekwenda, mwili umebaki, na maiti huchomwa. Bhagavata Purana, iliyokuja karne nyingi baadaye, haikuweza kustahimili picha hiyo. Inasema aliingia katika makao yake akiwa na mwili huo huo, na kitenzi kinachotumika ni fumbo la kisarufi. Katika Kisanskriti irabu zinazokutana huungana, hata mfuatano ule ule wa sauti ukaweza kukatwa kwa njia mbili: akiisha kuuchoma mwili, au bila kuuchoma. Sridhara, mfafanuzi mashuhuri wa utungo huo, aliukata kwa njia ya pili. Akaeleza kwamba wenye yoga ndio huiteketeza miili yao kwa moto wa tafakuri, na Krishna hakufanya hivyo. Theolojia nzima ilining'inia kwenye irabu moja.

Injili nazo zina mwili wa mwisho, na huo una makovu. Aliyefufuka anakula samaki mbele ya wanafunzi katika Luka, na katika Yohana anamwalika Tomaso aguse mahali pa misumari na ubavu uliochomwa. Hapa, tunavyoona, ndipo penye tofauti. Mwili wa Rama na wa Krishna katika tendi zile za kale ni mwili wa kweli, lakini kazi yake ikiisha unawekwa chini, kwa kuwa sababu ya kushuka ilikuwa kazi hiyo: kumwua Ravana, kuuondolea ulimwengu mzigo. Dharma itadhoofika tena, na kushuka kutahitajika tena. Katika Injili mwili hauwekwi chini. Unabebwa pamoja na jeraha, na kwa hiyo hakuna haja wala nafasi ya mwili wa pili. Umoja na wingi, jambo ambalo mijadala imelipigia kelele mno, ni matokeo tu ya namna kila simulizi inavyomaliza. Msomaji makini atatukumbusha kwamba wacha Mungu wa Vishnu wanajua alama ya unyayo wa mwenye hekima Bhrigu kifuani mwa Bwana wao. Ni kweli, na alama hiyo ni ya unyenyekevu wa kuvutia. Ila ipo kwa Vishnu mwenyewe mbinguni, si kovu lililopatikana katika maisha ya kibinadamu.

Wanatheolojia walikuja kurasimisha yaliyokuwa tayari katika masimulizi, na hatutakaa nao sana. Shankara, katika dibaji ya ufafanuzi wake wa Gita, anamwelezea Bwana kuwa kama aliyezaliwa na kama aliye na mwili, na neno hilo dogo, kama, ndilo walilolidaka wakosoaji wa Kikristo. Walisahau kwamba Ramanuja alilikataa: kwake kuzaliwa huko ni kwa kweli, ijapokuwa mwili wenyewe si wa maada hii yetu. Kwa Wakristo, Ignasio wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliwauliza wale waliosema Kristo aliteseka kwa kuonekana tu: ikiwa ni hivyo, yeye amefungwa minyororo kwa ajili ya nini? Baraza la Kalkedoni la mwaka 451 liliweka mipaka ya istilahi, lakini swali la Ignasio lina nguvu kuliko mipaka yote.

Nadiad, 1825

Mnamo Machi 1825 dhana hizi mbili zilikutana ana kwa ana katika mji wa Nadiad, Gujarat. Reginald Heber, Askofu wa Kianglikana wa Calcutta, alikuwa safarini, na Swaminarayan, mwalimu wa dini aliyezaliwa mwaka 1781 na ambaye tayari wafuasi wake walimwabudu, alikuja kumwona. Heber aliandika tukio hilo katika kumbukumbu zake za safari, zilizochapishwa mwaka 1828 baada ya kifo chake. Askofu alikuwa na askari wa farasi wapatao 50. Mgeni wake alifika na wapatao 200. Heber anakiri kuwa alitabasamu, tena kwa uchungu na fedheha, kuona walimu wawili wa dini wakikutana wakiwa vichwani mwa majeshi madogo.

Walizungumza juu ya Mungu mmoja, na Heber alitumaini kwamba amempata mtu wa kuitayarishia Injili njia. Matumaini hayo yalivunjika pale Swaminarayan aliposema kwamba Mungu amekuwa na avatara nyingi katika nchi mbalimbali, moja kwa Wakristo, nyingine kwa Waislamu, nyingine kwa Wahindu wa zamani, kisha akadokeza kwamba nyingine imetukia ndani yake mwenyewe. Tukumbuke kwamba taarifa tuliyo nayo ni ya upande mmoja, na Heber alikuwa mwandishi mwerevu anayejua kupanga kilele cha hadithi. Hata hivyo tukio hili linaipa pigo hoja ile kwamba Kristo ni wa historia na avatara ni ya visasili. Mtu aliyekaa mbele ya Heber alikuwa na tarehe ya kuzaliwa, na alifariki mwaka 1830. Chaitanya wa Bengal, ambaye wafuasi wake humwona Krishna na Radha wakiwa ndani ya mwili mmoja, aliishi kati ya 1486 na 1534 na ana wasifu kadhaa. Mahekalu ya wafuasi wa Swaminarayan yaliyopo Nairobi na Mombasa, yaliyoletwa na uhamiaji wa Wagujarati, ni ushahidi ulio karibu nasi kwamba avatara haikubaki katika enzi za tendi.

Kalkuta na Madras

Aliyeuona udhaifu wa hoja za wamisionari mapema zaidi alikuwa Rammohan Roy. Mwaka 1820 alichapisha mafundisho ya maadili ya Yesu akiacha nje miujiza na mafundisho ya uungu wake. Joshua Marshman, Mbaptisti wa Serampore, alimshambulia, na Roy akajibu kwa mfululizo wa maandishi hadi mwaka 1823. Hoja yake ilikuwa kali: mmisionari anayemcheka Mhindu kwa kuabudu mungu aliyezaliwa na mwanamke, aliyewatii wazazi, aliyeteswa na kufa, amecheka imani yake mwenyewe. Roy aliyakataa yote mawili kwa usawa. William Adam, mmoja wa Wabaptisti hao, alishawishika mno hata akaiacha imani ya Utatu mwaka 1821, na wenziwe wakamwita kwa kejeli Adamu wa pili aliyeanguka. Lakini tunaona kwamba Roy, kama Marshman, alisoma kwa safu mbili za mafundisho. Alipoondoa masimulizi katika Injili ili abaki na maadili, aliondoa mahali pekee ambapo tofauti ingeonekana.

Brahmabandhab Upadhyay alisoma kwa njia nyingine, naye alilipia. Alizaliwa Bengal mwaka 1861 kwa jina la Bhavani Charan Banerji, akabatizwa mwaka 1891, akajiunga na Kanisa Katoliki mwaka huo huo. Katika utenzi wake wa mwaka 1901 juu ya umwilisho, alimpa Kristo jina Nara-Hari, Mtu-Hari, akiazima jina la Vishnu bila kuomba radhi. Hata hivyo hakusema Kristo ni avatara. Mwaka 1904, akihutubia huko Kalkuta, alimtetea Krishna kuwa avatara halisi na akasisitiza kwamba avatara ni jambo tofauti na umwilisho: Krishna alishuka kuusimamisha uadilifu wa jamii, na nafasi hiyo haigongani na ya Kristo. Wakatoliki wengi waliona amerudi nyuma, na Wahindu wengi waliona amerudi nyumbani. Alifariki Oktoba 1907 akiwa anakabiliwa na mashtaka ya uchochezi dhidi ya serikali ya kikoloni, na maiti yake ilichomwa kwa taratibu za Kihindu.

Vengal Chakkarai, mwanasheria wa Madras, alichukua njia iliyo kinyume katika miaka ya 1920. Aliandika kitabu kilichomwita Yesu avatara waziwazi. Alidai, hata hivyo, kwamba avatara nyingine huja na kuondoka, ilhali ubinadamu wa Yesu unadumu na kuendelea kutenda. Alilitwaa neno la mwendo, kisha akaukataa mwendo wa kuondoka. Geoffrey Parrinder, ambaye wasomaji wengi wa Afrika wanamjua kwa vitabu vyake juu ya dini za bara hili na ambaye alifundisha Ibadan, alirudia kazi ya kuorodhesha mwaka 1970, akahesabu sifa 12 za avatara. Kitabu chake kina adabu na elimu nyingi, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Hata hivyo Chakkarai aliona kwa sentensi chache kile ambacho orodha ya sifa 12 inakiacha kimetawanyika.

Makanisa ya India yenyewe hayajakubaliana hadi leo. Wakristo wa Kerala, wanaozungumza Kimalayalam, huliita fumbo hili manushyavataram, yaani kushuka kuwa mtu, na hakuna anayehisi kwamba ameikana Kalkedoni. Wakristo wanaotumia Kihindi wanapendelea dehdharan, kuchukua mwili, neno linalokwepa avatara lakini linaloangukia kitenzi ambacho hutumika pia kwa mtu anayevaa nguo.